Njia ya Ujiji: shajara ya mchezo wa mezani, Tabora

Jumapili, 12 Januari

Leo nimefungua kaunta buku mpya ya kwaya mbili na kuandika juu yake "Njia ya Ujiji". Nimekuwa nikisema nitaanza tangu kabla ya korona. Sasa basi.

Nilichonacho ni kitabu kimoja chembamba chenye jalada jekundu, kurasa 64, kilichotoka Marekani mwaka 1981. Ni sheria za mwanzo za Dungeons & Dragons jinsi Tom Moldvay alivyozipanga upya. Niliachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyetufundisha hesabu sekondari. Alipofunga mizigo kurudi kwao aligawa vitu vyake. Wenzangu wakagombea redio na viatu, mimi nikabaki na kitabu chenye picha ya joka. Nilikisoma miaka miwili bila kuwa na mtu wa kucheza naye, kama mtu anayesoma kitabu cha mapishi huku hana jiko.

Kwa asiyeujua mchezo huu: watu wanakaa mezani, mmoja ni mwamuzi. Mwamuzi anaeleza mnachokiona, ninyi mnasema mnafanya nini, na pale ambapo hakuna ajuaye itakuwaje, inarushwa dadu. Ni hadithi hadithi, hadithi njoo, ila wasikilizaji wana ruhusa ya kuiharibu. Ulianza kuuzwa mwaka 1974, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Hao walitoka kwenye michezo ya vita ya vinyago, ambamo mtu mmoja anaongoza jeshi zima. Arneson aliposhusha hesabu kutoka jeshi hadi mtu mmoja, mwenye jina na mfuko wake, mchezo ukawa kitu kingine kabisa.

Wapenzi wengi wa michezo ya kizamani wanaupenda ujana wao. Wanakumbuka chumba fulani, marafiki fulani, harufu ya sanduku jipya. Mimi mwaka 1981 nilikuwa mgongoni kwa mama kwenye foleni ya sabuni na sukari, sina cha kulilia. Nikizisifu sheria hizi nazisifu kama fundi anavyoisifu cherehani ya zamani: inashona. Na inapokata uzi nitasema.

Lengo: sheria kwa Kiswahili, ndani ya nchi hii hii, njia ya msafara kutoka Tabora hadi Ujiji, karibu na Kigoma, kabla ya reli. Kucheza kila Jumapili alasiri kwenye duka langu la fotokopi hapa Ng'ambo, mlango ukiwa nusu. Watu wanne wamekubali. Watatu kati yao wamekubali kwa sababu nimesema kutakuwa na karanga.

Ijumaa, 17 Januari

Dadu. Kitabu kinataka dadu za sura 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Nimezunguka sokoni na maduka ya vifaa vya shule, nimepata za ludo tu. Muuzaji mmoja aliniuliza dadu ya sura ishirini inafananaje, nikaichora kwenye kiganja, akasema, "Hiyo si dadu, hiyo ni fenesi."

Nilijifariji kwa kukumbuka kwamba mwaka 1979 wenyewe waliotengeneza mchezo waliishiwa dadu za plastiki. Wakaweka ndani ya sanduku karatasi ngumu zenye namba, mnunuzi azikate mwenyewe, azitie kikombeni, awe anachomoa bila kuangalia. Kama waliweza Wisconsin, na mimi naweza Tabora.

Vizibo vya soda, basi. Wazee wa drafti wanachezea hivyo hivyo kila siku, na mwenye grosari jirani yangu anavyo ndoo nzima. Nimechagua 32 visivyopinda: 20 kwa soksi ya kwanza, 8 kwa ya pili, 4 kwa ya tatu. Soksi ni za shule za mwanangu, nitazirudisha. Namba nimeandika kwa maka peni upande wa ndani, pale penye kifuniko cha plastiki laini, kwa sababu upande wa rangi wino haushiki. 6 na 9 nimezipigia mstari chini. Ukitikisa soksi inalia kama kayamba, na mwenye kuchomoa anatazamwa mkono na watu wote. Dogo wa bodaboda ameniambia kuna programu ya simu inayorusha dadu yoyote bure. Nimekataa. Dadu inatakiwa isikike, na kila mtu aione kwa wakati mmoja. Simu anaiona mwenye nayo, halafu anaanza kujibu meseji.

Za ludo hazikupotea bure. Sehemu ninazozipenda zaidi katika kitabu zinatumia dadu mbili za kawaida. Ukikutana na kiumbe au watu usiowajua, mwamuzi anarusha mbili na kujumlisha. Ikija 2, wanashambulia hapo hapo. 3 hadi 5, wana uadui. 6 hadi 8, hawajui wakufanye nini. 9 hadi 11, wanaondoka au wako tayari kusikiliza. 12, wamekupenda. Hesabu mwenyewe: shambulio la moja kwa moja linatoka mara 1 kati ya 36, na kusitasita mara 16. Wanaosema michezo ya kizamani ni kuua tu hawakuifikia kurasa hii. Kitabu kinadhani kwamba wageni wakikutana njiani, kwanza watatazamana.

Jumapili, 26 Januari

Kikao cha kwanza. Waliokuja: Fundi wa pikipiki, Dada Famasi, Dogo, na Mwalimu, ambaye amestaafu baada ya kufundisha historia maisha yake yote, na ambaye sote tulimwamkia shikamoo kabla ya kumpa karatasi ya mhusika.

Nusu saa ya kwanza ilikwenda kwenye lugha. Kitabu kina aina saba za wahusika. Tatu nimeziondoa, zile za watu wa hadithi za Ulaya. Sina ugomvi nao ila hawana shughuli Unyanyembe, nchi hii ya Tabora. Nikabaki na mpiganaji, mtu wa dini, mtumia uchawi na mwizi. Nilikuwa nimeandika "mchawi".

"Mchawi?" Dada Famasi akaweka kalamu chini. "Kaka, mimi nilale kambi moja na mchawi?"

Nikaeleza kwamba kwa Kiingereza neno lao halina ubaya, ni mtu tu aliyejifunza mambo.

"Basi chezeni kwa Kiingereza."

Mwalimu ndiye aliyetuokoa. "Anayeroga ni mchawi. Anayetibu na kupiga ramli ni mfumu. Kwa bibi yangu hakuna aliyewachanganya hao wawili." Nimefuta, nimeandika mfumu. Kwa hiyo Dada Famasi, ambaye wiki nzima anauza panadol, Jumapili ni mfumu. Mwizi naye alikataliwa na Dogo. "Mwizi hapana, braza. Mwizi huku anachomwa. Niandike mjanja." Sawa, mjanja. Nadhani maneno haya mawili yamebadilisha mchezo kuliko sheria yoyote nitakayoigusa. Mwizi anajitenga na wenzake, mjanja anawafanyia kazi.

Tukaanza kwenye gofu la boma porini, nje ya njia. Wahusika wanatengenezwa kwa dadu tatu, namba inakaa pale ilipoangukia, huchagui. Fundi alipata mpiganaji mwenye nguvu 15 na alama za uhai 2. Dakika ya kumi na mbili, kwa saa ya ukutani, aliingia ukumbini bila kupapasa sakafu. Shimo. Dadu ya ludo ikasema 3.

Fundi aliitazama karatasi. "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

"Nipe karatasi nyingine."

Kabla karanga hazijaisha alikuwa na mtu mwingine, tena kutoka siku ile hakuna aliyeingia chumba bila kugonga sakafu kwa fimbo. Nilisoma pia toleo la tano, la mwaka 2014, kwenye kompyuta ya dukani. Limefikiriwa vizuri, silidharau. Lakini mhusika wake anajazwa kama fomu ya mkopo wa benki, na mtu aliyejaza fomu ya mkopo hataki kufa dakika ya kumi na mbili, wala mwamuzi hana moyo wa kumuua. Hapo ndipo hofu inapotoka mezani. Karatasi ya Fundi ilikuwa na mistari sita. Niliitumia nyuma kuandikia hesabu za toner.

Jumatano, 5 Februari

Mzigo. Hili ndilo lililonivuta kwenye mradi tangu mwanzo, nitaliandika kwa kirefu.

Katika kitabu, kila kitu ulichobeba kina uzito, na uzito unahesabiwa kwa sarafu. Ukibeba sarafu nyingi unatembea polepole, ukitembea polepole mwenge unakuishia. Mwenge mmoja unawaka zamu 6, zamu ni dakika 10, na kila zamu mbili mwamuzi anarusha dadu kuona kama kuna kinachokuja gizani. Watu wengi mezani huliruka jambo hili kwa sababu ni hesabu. Kwangu ndiyo injini. Wakilitoa, wanabaki na watu wanaopigana vyumbani.

Lakini sarafu hazina maana njia ya Ujiji. Njia ilikuwa na kipimo chake, frasila, ratili 35 hivi, kama kilo 16. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kwenye frasila 2. Nimeandika "frasila 2" mara nyingi mpaka likawa neno tu, basi leo nilimwambia Fundi tujaribu. Tulichukua kiroba cha sembe cha kilo 25, tukafunga juu yake dumu la maji la lita 5 na spana zake za kutosha kufika 32. Akakiinua begani na kuanza kuzunguka uwanja wa nyuma ya duka. Mizunguko mitano ya kwanza anapiga stori. Wa tisa amenyamaza. Wa kumi na nne kamba ya dumu imeingia shingoni, amekishusha, ameinama mikono magotini, jasho linadondoka vumbini. Fundi huyu anainua injini za pikipiki. Akauliza, "Mpaka Kigoma?" Nikamwambia reli kutoka hapa ni kilomita 400 na ushei.

Kisha nikakaa na kalamu. Ukitembea kilomita 15 kwa siku, ni siku 27. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Vibaba 27 ni kilo 18 na zaidi, yaani kabla hajabeba mali ya mtu yeyote, chakula chake peke yake kinazidi frasila moja. Hawezi. Msafara hauwezi kubeba chakula chake. Lazima ununue vijijini, kwa hiyo lazima uwe na vitambaa na shanga za kununulia, kwa hiyo unahitaji wapagazi zaidi wa kubeba vitambaa, ambao nao wanakula. Na lazima upatane na kila mtemi ambaye unapita kwake, ulipe hongo. Zamani neno hilo lilikuwa ushuru wa njia, halikuwa na aibu liliyonayo leo.

Nimefurahi kama mtoto. Hizi ni sheria za Moldvay zile zile, mzigo, mwanga, chakula na jedwali la kukutana na wageni, ila sasa zinashikana. Kule Marekani walizitunga ziendane na mapango yasiyokuwepo.

Jumapili, 9 Februari

Mvua. Duka lina bati bila dari. Tulijaribu dakika ishirini, mwamuzi anapiga kelele "mnaona mlango" na Mwalimu anauliza "mnaona mnyama?" Tukala michembe, tukaenda nyumbani.

Jumapili, 16 Februari

Leo tumegombana.

Msafara wao una watu 12 wa kukodi na kirangozi anayetangulia na bendera. Wamefika gofu la pili. Dogo, ambaye tangu Fundi afe amekuwa mwangalifu, akasema, "Tutangulize mpagazi. Aguseguse mbele, sisi nyuma."

Hii si akili ya Dogo peke yake. Ni mbinu kongwe kuliko mimi, kila aliyecheza kizamani anaijua: kodi watu kwa bei ya chini, watangulize, mtego ukifyatuka umeokoa mhusika wako. Watu wanasimulia huku wanacheka. Nilicheka na mimi niliposoma mara ya kwanza. Leo nilikuwa tayari nimeshika dadu.

Mwalimu akauliza, "Huyo anayetangulia anaitwa nani?"

Nikatazama karatasi yangu. "Mpagazi wa 3."

"Mpagazi wa 3." Akavua miwani. "Baba wa babu yangu alikwenda pwani mara nne na kurudi. Tulikuwa tunahesabiwa hivyo nyumbani, mwanaume aliyekwenda pwani na asiyekwenda. Alipatana malipo yake kabla hajainua mzigo. Sasa niambie, Mpagazi wa 3 amelipwa nini hata aingie shimoni kwa ajili ya huyu kijana?"

Dogo akasema ni mchezo tu, mzee wangu. Mwalimu akasema anajua ni mchezo, ndiyo maana anauliza mezani na si polisi. Dada Famasi akacheka, hali ikapoa kidogo, lakini dadu niliirudisha kwenye kopo.

Nimerudi nyumbani nikafungua kitabu. Kwa haki, Moldvay hakuwasahau kabisa watu wa kukodi. Wana moyo wao, namba ya 4 hadi 10, inayotegemea mvuto wa anayewaajiri. Ukiwaonea wanaondoka. Tabia ya kuwafanya fimbo ya kupapasia ni ya wachezaji. Lakini kitabu kinaruhusu, kwa sababu hawana majina na wengine wapo kila mji, hawamaliziki. Tabora ya wakati ule watu waliweza kumalizika. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipofunga njia ya Ujiji, wapagazi walikataa kwenda upande huo, na aliyetaka kufika alizunguka kusini au alikaa. Stanley, yule mzungu aliyekwenda kumtafuta Livingstone, alizunguka.

Alhamisi, 20 Februari

Sheria mpya, kama nilivyoibandika leo ukurasa wa 11:

Kila mpagazi ana jina kabla ya kuinua mzigo. Mchezaji anayemwajiri ndiye anayemtaja jina. Msafara wote una namba moja ya moyo, inaanzia 8. Mwamuzi anarusha dadu mbili, na jumla ikizidi moyo, mizigo inawekwa chini. Hawakimbii, hawapigani. Wanaweka chini na kukaa juu yake mpaka kirangozi na wakubwa wapatane. Inarushwa siku posho ikikosekana, mtu akifa, na mwenye msafara akimtuma mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hathubutu.

Sheria ya zamani hupima moyo wa upande mmoja katika mapigano, akianguka wa kwanza na nusu yao wakiisha. Nimeiacha hiyo kwa mapigano. Hii nyingine ni mgomo, na mgomo ulikuwa silaha ya kweli ya njia ile.

Mpagazi wa 3 sasa anaitwa Maganga. Mwalimu ameongeza kwa kalamu yake kwamba anapenda ugoro.

Jumapili, 23 Februari

Fundi hakuja, ana msiba. Tumecheza watatu, hakuna la maana. Ila jambo moja linanisumbua: kikao cha tatu hiki, na hakuna mtu aliyechomoa 20. Hata mara moja. Dada Famasi anasema soksi yangu imerogwa. Nikamwambia hilo neno tulilifuta.

Wiki ijayo Ramadhani. Tumekubaliana kusimama mwezi mzima; Dada na Dogo wanafunga, na mimi alasiri ya mfungo sina sauti ya kusimulia.

Jumapili, 6 Aprili

Tumerudi, na kwanza habari njema: nilipokuwa nafagia kwa ajili ya Idi nimekikuta kizibo cha 20 ndani ya mkebe wa penseli wa mwanangu, akikitumia kama gurudumu la lori. Vikao vitatu tulicheza na vizibo 19. Nimewaomba radhi. Fundi anadai mhusika wake wa kwanza afufuliwe, ingawa alikufa kwa dadu ya ludo na soksi haikumgusa.

Habari ngumu. Kitabu kinatoa alama za uzoefu kwa hazina: sarafu 1 ya dhahabu uliyoitoa salama, alama 1. Naikubali sheria hii kuliko ile ya kutoa alama kwa kuua, kwa sababu inamfundisha mchezaji kukwepa vita. Zimwi ukilipita kimya ukachukua sanduku, umefanikiwa zaidi ya aliyepigana nalo akapoteza watu wawili. Nilikuwa nimeigeuza kwa doti za nguo, nikaweka jedwali la bei: chumvi ya Uvinza, asali, nta, masango ya shaba, pembe za ndovu kwa frasila.

Leo waliikuta kambi ya mfanyabiashara porini, yeye amekufa kwa homa, walinzi wametoroka. Niliandaa pembe sita. Na kwa kuwa nilitaka mahali pawe pa kweli, niliandaa pia watu kumi na mmoja, wamefungwa mnyororo. Dogo alikwenda moja kwa moja kwenye jedwali kutafuta bei ya pembe. Kidole chake kikishuka kwenye mistari, Dada Famasi akauliza polepole, "Na hawa nao wamo humo kwenye karatasi yako?"

Hawamo. Sikuwahi kuwaweka. Lakini niliona aibu kama vile wamo, maana pembe hazikuruka zenyewe kufika hapo. Hazina ya vitabu vya kizamani imelala chini ya pango, aliyeiweka alishakufa miaka mia tano, haina mwenyewe. Ndiyo maana kuichukua ni raha. Njia hii hakuna frasila isiyo na mwenyewe, na hakuna iliyofika bila shingo ya mtu. Nilileta sheria ya dhahabu huku bila kuiuliza inatoka wapi.

Walijadiliana saa nzima, mwamuzi nimekaa kimya. Wamewafungua. Pembe wameacha mbili kwa kukosa wabebaji, kwa sababu Mwalimu alikataa katakata waliofunguliwa wabebeshwe. Sasa wana midomo kumi na moja zaidi, vibaba kumi na moja kila siku, na nguo za kununulia chakula za siku nne. Moyo umerushwa: dadu zikaleta 8. Umeshikilia, haujazidi. Kirangozi amesema maneno ambayo Mwalimu aliyatoa kwa Kinyamwezi na akakataa kututafsiria.

Alama za uzoefu nimezibadilisha usiku huu. Hazitolewi tena kwa ulichokiokota. Zinatolewa Ujiji, kwa mzigo uliofika, na kila aliyeondoka na msafara asifike anapunguza sehemu moja ya kumi. Sijui kama inafanya kazi. Fundi ameshaanza kupiga hesabu ya namna ya kuipindua, dalili nzuri.

Jumapili, 27 Aprili

Malagarasi. Nilikuwa naingojea siku hii tangu Januari.

Mto umejaa. Wavushaji wana mitumbwi ya magome, inayobeba watu wawili na mizigo yao ukiomba Mungu. Kwenye jedwali la mtoni nimeweka mamba namba 4, kwa heshima ya punda wa Stanley aliyeliwa hapo mwaka 1871 wakati anavushwa kwa kuogelea. Mwalimu alipoona karatasi ya jedwali akasema, "Namba 4 naijua," na sikumjibu.

Dada Famasi ndiye aliyekwenda kuongea. Aliwasalimia, akauliza habari za maji, akauliza watoto, hakutaja kuvuka kabisa. Dogo alikuwa anampiga miguu chini ya meza amalize. Nikarusha dadu mbili za ludo: 4 na 3. Saba. Hawajui wawafanye nini. Mkubwa wao ametaja bei: doti 40, na ya wale kumi na mmoja itazungumzwa peke yake, kwa sababu anataka kujua ni watu wa nani.

Walio nao ni doti 31.

Umeme ukakatika hapo. Nikawasha koroboi, na Fundi, bila kuambiwa, akaandika kwenye karatasi yake "zamu ya 1". Walibishana mpaka utambi ukaanza kutoa moshi. Dogo anataka wavuke usiku, kama Stanley alivyowapitisha watu wake Uha, nchi ya Waha, kimyakimya alipochoka kulipa hongo. Mwalimu anasema usiku mtoni ni kumlisha namba 4. Fundi anataka kuuza pembe moja kwa wavushaji kwa bei ya hasara. Dada hajasema kitu. Anahesabu kwa vidole, na aliponiuliza kama mfumu anaweza kulipwa kwa kutibu, nikamwambia kitabu hakisemi, kwa hiyo ni mimi, na jibu ni ndiyo, kama kuna mgonjwa. Akauliza kama kuna mgonjwa. Nikarusha dadu moja nyuma ya kaunta buku.

Yupo. Ni mtoto wa mkubwa wao, na sijawaambia bado.

Ya kufanya kabla ya Jumapili: kuandika ukurasa wa magonjwa, kununua mafuta ya taa, kuchora upya kizibo cha 13 kimefutika, na kumrudishia mwanangu soksi.